Aliyeng'oa Minyaa Yake

Mzee Alute alimfunga shemeji yake kwa fito kumi na mbili. Siku hiyo nilikuwa natoka Issuna na ngozi, nimempumzisha punda chini ya mwamba, nikamwona Simeoni akiteremka kilima cha Nkhundi na mzigo begani. Chini alikuwa anangojwa na Alute, mlinzi wa msitu, kofia ya serikali kichwani, amesimama wima kama kigingi. Simeoni ni kaka wa mke wake. Alipomwona akacheka.

"Shemeji, nipokee basi. Bega limechubuka."

Alute akampokea. Akaulaza mzigo chini taratibu, akafungua kamba, akazihesabu fito moja moja. Kisha akasema, "Kumi na mbili. Haya, twende kwa mtemi."

Simeoni alicheka njia nzima akidhani ni utani wa mashemeji. Kicheko kilimwishia barazani kwa mtemi. Alikula miezi mitatu ya jela, akivunja kokoto za barabara ya Kiomboi, na zizi alilotaka kulitengeneza kwa fito zile likaingiwa na fisi.

Huyo Alute ndiye ninayetaka kumwandika. Hakuwa jumbe wala mwalimu, na hakuacha mali. Alilinda kilima kwa miaka kumi na sita, basi. Lakini watu wa mtaa wetu wa Mijohoroni huniuliza jina hilo limetoka wapi, maana mjohoro hata mmoja haupo. Nilikuwa nawajibu kwamba ilikuwapo ikakatwa, naishia hapo. Bwana Afya wa wakati ule, mzungu aliyesimamia usafi wa mji, keshakwenda kwao Ulaya, na binti wa Alute ameniruhusu, kwa hiyo leo nasema na yaliyobaki.

Nkhundi ni kilima cha mawe makubwa, mwendo wa nusu saa kutoka soko la Singida, upande wa juu wa ziwa. Kabla ya mwaka wa 1937 palikaa kaya kumi na moja za Wanyaturu, kila kaya na tembe yake na zizi lake, na kila kaya imezungushiwa uzio wa minyaa. Mnyaa hauna jani la maana. Ukiuvunja unatoa maziwa yanayochoma macho, ng'ombe hali, na moto ukifika hapo unazimika. Kwa Mnyaturu mmea huo ni zaidi ya uzio. Akihama kwa njaa au kwa ugomvi, atabeba nguzo na mlango, minyaa haigusi. Ikisimama, inasema mwenyewe katoka tu. Akiing'oa, amesema mbele ya watu kwamba pale amemaliza, yeye na wanawe. Katika kutembea kwangu kote na punda sikuwahi kumwona mtu aliyeing'oa yake, isipokuwa Alute.

Mwaka huo wa 1937 Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, aliita baraza, akasema kilima ndicho kinacholeta maji ya visima vya mji. Miti ikiisha, visima vitakauka. Kwa hiyo Nkhundi imekuwa msitu wa serikali. Hakuna kujenga, hakuna kukata, na mifugo itaingia kiangazi tu, kwa kibali. Mkalimani akamalizia, "Milele." Mimi mfanyabiashara, nikisikia mtu anasema milele najua bado hajaulizwa bei.

Kaya kumi na moja zikahama, minyaa ikabaki. Bwana Miti, mzungu wa misitu, akataka mlinzi anayekijua kilima, na Alute akakubali. Mzungu akamuuliza mbele ya watu, "Nitajuaje kwamba hutapendelea kwako?" Alute akaenda kwao. Akachukua jembe, akang'oa minyaa ya kwao siku nne mfululizo, mizizi na yote, akaichoma. Mahali pake akapanda miche ya mijohoro aliyopewa na serikali. Mke wake, Lea, alirudi kwao mwezi mzima. Majirani walisimama mbali wakitazama kama watu wanaotazama maiti ikioshwa.

Nilimuuliza baadaye kwa nini alikubali kazi ile. Baba yake alikuwa amezikwa pale kwao miaka miwili nyuma.

"Nikikataa mimi, wataleta mlinzi wa kutoka Kondoa, kama wewe," alisema. "Sasa baba yangu atalindwa na Mrangi?"

Basi akalinda. Hakuchukua kuku wa mtu, hakunywa pombe ya mtu aliyemkamata. Watu walimwita Mbwa wa Bwana Miti, naye aliitikia.

Mwaka wa 1953 habari ikatoka boma kwamba msitu unakatwa nusu, upande unaotazama ziwa, vipimwe viwanja arobaini vya nyumba za kisasa. Visima havikutajwa tena.

Sitasema uongo, mimi nilikuwa upande wa nyumba. Mtaa wetu wa mjini ulikuwa umejaa mpaka mtu akipiga chafya, jirani anajibu. Mke wangu Stumai alikuwa akipika kwenye ujia, na ngozi zangu nilizilundika chumba kimoja na vitanda vya watoto.

"Miti imepewa kilima kizima," alisema Stumai, "mimi nimepewa chumba kinachonuka ng'ombe waliokufa. Huo msitu umenizalia nini?"

Sokoni maneno yalikuwa mengi. Melkiori, mfugaji, aliniletea samli siku hiyo, akasahau hata kuniuliza bei. "Kiangazi kile kibaya cha mwaka wa arobaini na tisa, ng'ombe wangu walipona kwa nyasi za Nkhundi. Sasa wakiweka mabati, nitawalisha misumari?" Martha, muuza kuni, alikuwa na lake: "Alute katunyima kuni mbichi miaka kumi na sita. Hawa watakata zote wiki moja, na hawatatugawia hata kijiti cha kuchokonolea meno."

Karani wa boma, kijana mmoja anaitwa Laurenti, Mnyiramba wa Kiomboi, shati jeupe, akatueleza kwa upole wa watu waliosoma. "Mji unakua, wazee wangu. Mji ni kama mtoto, suruali ya mwaka jana haimfai."

"Basi mshoneeni kwa kitambaa chake," akasema Simeoni. Alikuwa amekaa juu ya gunia langu la chumvi. "Mimi sikatai nyumba, karani. Nilikuwa na nyumba pale. Walinitoa ndani ya nyumba ili pasiwe na nyumba, sasa wanaleta nyumba. Nieleze hilo polepole, mimi sikusoma."

Laurenti akaeleza masharti. Waliohamishwa zamani watapewa kiwanja kwanza, kila mtu pale pale alipokuwa, mradi aonyeshe minyaa ya kwao imesimama. Mtemi ndiye aliyeshauri hivyo, na Bwana Shauri akakubali. Lakini wajenge kwa matofali na bati ndani ya miaka miwili. Na makaburi je? Mwenye minyaa ataachiwa kaburi la mzee wake, alijengee ukuta. Kaburi lisilo na mwenyewe litafukuliwa na watu wa Bwana Afya, mifupa ipelekwe makaburi mapya nje ya mji.

Simeoni akageuka kunitazama. "Umesikia? Mwenye minyaa." Akaanza kucheka, safari hii bila furaha. "Shemeji yangu masikini. Serikali imemfanya mtu wake, halafu imekwenda kumfukua baba yake."

Siku ya tatu baada ya hapo nilipanda Nkhundi alasiri, nichague kiwanja kabla wenzangu hawajafunga viatu. Vigingi vilikuwa vimeshapigwa. Kiwanja namba kumi na tisa kilinipendeza. Pale ni tambarare, pana upepo wa ziwa, na lori linaweza kufika. Nikaanza kukipima kwa hatua, na ndipo nikaitazama miti.

Kote msituni mijohoro ya serikali ilipandwa kwa mistari kama askari wa gwaride. Hapa ilikuwa inazunguka. Nikaifuata. Mti, hatua tatu, mti, hatua tatu, nikazunguka nao mpaka nikafika penye mwanya wa upana wa ng'ombe wawili, unatazama ziwani. Nikajua nimesimama wapi. Mwaka wa thelathini na nne, nikiwa kijana na punda wa kuazima, niliingia kwa mlango ule ule, nikanunua ngozi ya fahali kwa baba yake Alute. Tulibishana mpaka uji ukapoa kibuyuni.

"Umepotea, Mswahili?"

Alute alikuwa nyuma yangu, sikusikia hatua zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Sijapotea. Nimefika kwa baba yako."

Akavua kofia, akaifuta ndani kwa kidole, akaivaa tena. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu. Wengine wanaogopa kuingia humu. Si wewe uliyewafundisha?"

Sasa niseme jambo moja ili ieleweke. Kwa mila ya kule, uzio ukizeeka mtu huubadilisha. Anang'oa wa zamani, anapanda mwingine katika mtaro ule ule, na hakuna anayemwambia amehama. Kwa hiyo Alute hakuwa mtu aliyemaliza pale. Alikuwa amebadilisha uzio, minyaa kwa mijohoro. Angelisema hilo barazani na kuwapeleka wazee wakaone, kiwanja kingekuwa chake, na kaburi la baba yake lisingeguswa na jembe la mtu. Nilimwambia hivyo hivyo, ingawa kiwanja nilikitaka mimi. Mtu akiijua bei ya kitu chake ndipo biashara inanoga.

"Nikisema hivyo," akajibu, "Simeoni atasimama. Ataniuliza, siku ile unang'oa mbele yetu, ulikuwa unatuchezea? Miaka yote ulikuwa na boma lako msituni, na mimi nikafungwa kwa fito kumi na mbili?"

"Atauliza, ndiyo."

"Nimjibu nini?"

Nikamuuliza kwa nini basi aliipanda hivi.

"Sikukusudia. Mtaro ulikuwa wazi, udongo laini." Akaushika mti mmoja kwa kiganja. "Nilikusudia," akasema.

"Kwa hiyo ninyamaze?"

"Unakitaka kiwanja?"

"Nakitaka sana."

"Basi una faida ya kunyamaza. Mtu mwenye faida hunyamaza vizuri kuliko rafiki."

Nikacheka, maana ni maneno yangu mwenyewe, mtu kaniibia. "Nawe unataka nini?"

Akaniongoza mpaka pembeni, karibu na mwamba, akafukua majani kwa mguu. Palikuwa na mawe yamepangwa. "Baba yuko hapa. Usijenge hapa, na usimwonyeshe mtu."

"Sawa."

"Apa."

Nikaapa. Kisha, kama mtu aliyemaliza kazi nzito na sasa anaongea tu, akanivusha upande wa pili, akakanyaga chini mara mbili kwa kisigino. "Ghala lako liweke hapa. Mvua ikinyesha, maji hayafiki. Hapa palikanyagwa na ng'ombe miaka arobaini, pagumu kuliko barabara ya serikali. Mwaga saruji juu, hata panya hatapenya." Lilikuwa shauri zuri, nikalichukua. Nani hulikataa shauri la bure?

Baraza lilikaa mbele ya boma. Walioitwa kwanza walikuwa wenye minyaa, wakaonyeshwa kwenye ramani, kumi wote. Kisha Mtemi akaita, "Alute." Akasimama, kofia mkononi.

"Una minyaa?"

Kabla hajajibu, Simeoni akapaza sauti kutoka nyuma. "Mtemi, muulize vizuri! Tulikuwapo. Aliing'oa mwenyewe kwa jembe, siku nne, hata maji ya kunywa hakuomba. Shemeji, nani alikutuma?"

Watu wakacheka. Laurenti akagonga meza kwa penseli. Alute alinitazama mimi, si Simeoni. Nikatazama viatu vyangu. Neno moja tu lilihitajika, na nilikuwa nalo mdomoni. Ningeweza kulisema nikajidai nimekumbuka ghafla. Lakini nilikuwa nimekubali, tena nilikuwa na Stumai nyumbani na watoto juu ya ngozi, na kiwanja namba kumi na tisa kilikuwa kizuri.

"Sina," akasema Alute.

Namba kumi na tisa nikaandikwa mimi, Ramadhan bin Haji.

Msimu wa kukata ulipofika, kila mti ulitakiwa upigwe chapa ya serikali kwa nyundo kabla ya msumeno, na mwenye nyundo alikuwa Alute. Akapiga siku kumi, mstari kwa mstari. Duara lile aliliacha mwisho. Nilikuwapo, nimekuja kuhakikisha magogo hayaburutwi juu ya vigingi vyangu. Simeoni naye alikuja, akaegemea mwamba.

"Shemeji, leo wewe ndiye unayekata. Nani atakufunga?"

Alute hakugeuka. "Nihesabie," akasema. "Wewe wajua kuhesabu vya msitu."

Simeoni akaona mzaha mzuri. Akamfuata nyuma, nyundo ikilia, yeye akihesabu kwa sauti ya mnada: moja, mbili, tatu. Kufika kama ishirini, wakiwa wanazunguka, sauti ikaanza kushuka. Akatazama nyuma alikotoka. Akatazama mbele, mwanya ule, na ziwa. Akaendelea kuhesabu lakini sasa polepole, kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Walipokutana na mti wa kwanza akasema, "Arobaini na mmoja." Akamshika shemeji yake bega, akamwachia, akateremka kilima.

Wiki ile ile Alute akarudisha nyundo na kofia, akahamia Issuna kwa binti yake Hana. Lea alikuwa ameshafariki. Hakuniaga, na sikutegemea aniage.

Nikajenga. Ghala nikaliweka pale pale aliponionyesha, nikamwaga saruji nzito. Mawe ya pembeni, karibu na mwamba, nikayaacha. Wenye minyaa wale kumi, wawili tu ndio waliopata matofali kwa wakati. Waliobaki viwanja viliwashinda, wakaviuza kwa makarani na kwa watu wa biashara kama mimi. Simeoni chake kilichukuliwa na Laurenti. Serikali ilikuwa imewarudishia ardhi ambayo hawakuweza kuisimamishia ukuta, na kila mtu alisema utaratibu ulifuatwa. Kweli ulifuatwa.

Mwaka wa pili watu wa Bwana Afya wakaja na majembe na orodha, Laurenti akiwaongoza. Akasema kuna mtu amewaambia kwamba namba kumi na tisa ina kaburi lisilo na mwenyewe.

"Kaburi?" nikasema.

"Bwana Ramadhan, tusichoshane. Likifichwa, hati ya kiwanja inasimamishwa. Ghala nalo linafungwa mpaka shauri liishe. Lipo, halipo?"

Ghala lilikuwa limejaa. Lori lilikuwa linakuja Alhamisi. Nilifikiri kwa muda wa kumeza mate, kisha nikanyoosha mkono kuelekea kwenye mawe. Nimeandika kwamba niliapa. Niliapa, na nikaonyesha.

Wakachimba asubuhi yote. Watu wakajaa, na Simeoni mbele yao, amechuchumaa anatafuna bua la mtama. Nilingoja anitukane. Alitafuna tu na kutazama shimo. Walifika kimo cha mtu wakakuta udongo mgumu, mawe, na mizizi ya mjohoro, hakuna hata ukucha. Laurenti akaandika kwamba mifupa imeoza, au hapakuwa na kaburi. Shimo likafukiwa. Simeoni akatema makapi, akasimama, akaniambia, "Kazi njema, Bwana Ramadhan," akaenda zake.

Nilijiambia kwamba hakuna aliyepata hasara. Mzee alikuwa ameshakuwa udongo, nani kaumia? Nilijiambia hivyo mara nyingi kuliko inavyohitaji jambo lililo kweli.

Biashara ikaenda. Jambo moja dogo lilinishangaza miaka ile. Wauzaji wangu wa Kinyaturu walikuwa wakileta ngozi mpaka ndani, wanazishusha, lakini hawakubali kubishana bei humo. "Tutoke nje," wanasema. Hata mvua inyeshe. Nikadhani ni ujanja wao, wanataka ngozi ionekane juani, nami nikawa natoka. Na wazee hawakuingia na kofia.

Mwaka wa 1959, baada ya mavuno, alikuja mama mmoja wa makamo, amejifunga kaniki, vumbi la Issuna miguuni. Ni Hana, binti wa Alute. Stumai akampa maji na kiti.

"Baba ametutoka," akasema. "Wiki ya tatu leo. Tumemzika kule kule."

Nikampa pole. Nikasema baba yake alikuwa mtu wa haki, maneno ambayo mtu husema. Akaomba aone pale walipokuwa wanakaa. Nikampeleka nyuma ya nyumba, nikisikia aibu kama mtu anayemwonyesha mgeni jiko chafu, mpaka pembeni penye mwamba.

"Ni hapa," nikasema. "Wakachimba, Hana. Sitakuficha. Mimi ndiye niliyewaonyesha."

"Tunajua."

"Baba yako alijua?"

"Alijua kabla hujafanya." Hakuwa na hasira, alikuwa anaeleza tu, kama mtu anayeelekeza njia. "Alisema, Ramadhan si mtu mbaya, lakini akibanwa atauza. Ndiyo maana akakupa kitu cha kuuza. Hapo palikuwa pa mama kukobolea mtama. Yale mawe ni ya kuwekea vinu."

Miaka ishirini na mitano katika biashara, na sijawahi kuuziwa mawe.

"Basi yuko wapi?"

Akageuka, akatazama ghala. Mlango ulikuwa wazi, ngozi zimepangwa mpaka darini, na sakafu yangu nzuri ya saruji inang'aa.

"Pale palikuwa zizi," akasema. "Sisi mzee wa kaya tunamlaza zizini, kati ya ng'ombe wake. Umenunua ngozi kwetu tangu mimi mtoto, Bwana Ramadhan. Hukuuliza hata siku moja sisi tunazikwa wapi?"

Sikuwa nimeuliza. Nilijua ngozi ya mbuzi wa Nduguti na ya mbuzi wa Issuna nikiwa nimefumba macho. Hilo sikulijua.

"Alisema serikali hailindi, inabadilika," Hana akaendelea. "Yeye mwenyewe alikuwa kazeeka. Akasema mfanyabiashara hatamruhusu mtu yeyote achimbe chini ya mali yake. Kwa hiyo akakuweka wewe."

"Na Simeoni? Alikaa pale wanachimba, hakusema."

Hapo ndipo alipotabasamu kidogo. "Mjomba alijua hapana kitu. Alitaka kuona shimo litafika kina gani."

Nikauliza lile swali ambalo baba yake aliniuliza chini ya mijohoro. "Nani mwingine anajua?"

"Wote," akasema Hana. "Kila anayekuletea ngozi anajua."

Akavua viatu, akaingia ghalani peke yake. Nilibaki nje na Stumai. Alipotoka alinywa maji yaliyobaki, akashukuru, akashika njia ya Issuna kabla jua halijawa kali.

Kesho yake alikuja mzee mmoja na ngozi tatu za ng'ombe, zimewambwa vizuri, hazina kovu la kisu. Akavua kofia mlangoni, akaingia, akazishusha juu ya saruji. Nikatoka nje kabla hajaniomba.